Kaka wa Bibi Harusi

Jina lake silitaji. Ana wajukuu wanaojua kusoma, na hawana haja ya kujua babu yao alikuwa akifanya nini Jumamosi mchana. Nitasema tu kwamba alitoka Kirewa, kwamba alikuwa kibarua katika kiwanda cha saruji Tororo, Uganda, na kwamba alikuwa rafiki yangu. Hilo la mwisho ndilo lililotuletea balaa lote.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya pande zote mbili za mpaka. Mimi nilitoka Busia, upande wa Kenya, nikaja Tororo kufunga mikate kwa Mhindi mmoja mwenye tanuri. Tulipanga vyumba vya mstari nyuma ya maduka, kimoja changu na kingine chake, na kati yetu chumba cha karani wa stesheni na mkewe. Kuta za vyumba vile hazikufika kwenye mabati. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anakupa pole.

Urafiki wetu ulianzia kwenye bomba. Bomba lilikuwa moja kwa mstari mzima, na mimi nilikuwa na ulimi, bado ninao, sijaupeleka popote. Asubuhi moja nilikuwa nikigombana na mke wa karani juu ya nani alitangulia kuweka ndoo, na mtu aliyekuwa nyuma yetu akaangua kicheko. Nikamgeukia nimmalizie yeye. Akanipa ndoo yake iliyokuwa imejaa tayari, akasema, "Chukua hii, dada. Wewe napigana vizuri, lakini maji inakwisha." Nilimtukana, nikaichukua ndoo, nikaondoka. Jioni nilimrudishia ikiwa na mkate ndani. Kuanzia hapo tukawa watu wa kukaa kizingitini na kucheka watu wapitao.

Alikuwa na redio. Jumamosi mchana mstari wetu ulibaki mtupu, wanaume wamekwenda kutazama mpira na wanawake sokoni, nami nilikuwa na mazoea ya kwenda kwake kusikiliza magitaa ya Wakongo. Jumamosi moja ikanyesha mvua ya kupasua mabati, ile ambayo hata ukipiga kelele hujisikii mwenyewe. Mengine sitaeleza. Mtu mzima ataelewa, na mtoto atafute kitabu kingine.

Mvua ilipokatika tukakaa kitandani, kila mmoja upande wake, tukiwa na adabu kubwa ambayo hatukuwa nayo nusu saa kabla.

"Sasa sisi ni nini?" nikamuuliza.

"Sisi rafiki," akasema. "Hii ingine ni nyongeza tu. Kama ile sukari mwenye duka natia juu ya kilo."

Nilipenda jibu lile. Nilikuwa nimetoka kumkataa mwalimu mmoja aliyenitongoza kama anahubiri, na yeye alikuwa ameachwa na msichana wa kwao, kwa hiyo wote wawili tulikuwa tumeapa kwamba mapenzi ni kazi ya watu wasio na kazi. Tukajadiliana pale pale kama wazee wawili wanaomaliza kesi ya shamba. Hakuna kuulizana ulikuwa wapi. Hakuna kupelekana nyumbani kwa wazazi. Kisha mimi, mwenye akili nyingi, nikaongeza la kwangu: yeyote atakayeanza kumpenda mwenzake aseme mara moja, na siku atakayosema ndiyo iwe mwisho, turudi kuwa marafiki wa kizingitini. Tukapeana mikono. Ningejua nilichokuwa nikikifanya, ningejikata ulimi ule kwa kisu cha mkate.

Kwa muda tulijiona wajanja kuliko dunia nzima. Watu wengine walikuwa wakililia mapenzi, wakinywa dawa za waganga, wakitoroshana usiku kwenda Mbale. Sisi tulicheka, tukalala, tukaamka, kila mmoja akaenda zake. Tatizo pekee lilikuwa vumbi la saruji, ambalo halikumtoka hata aoge vipi. Jumapili moja nilisimama kwenye kwaya na gauni langu la buluu, na nyuma yangu akasimama mke wa karani. Wimbo ulipokwisha akaniinamia sikioni. "Mwenzangu, umeegemea ukuta gani wenye vidole?" Nilirudi nyumbani nikitembea kinyumenyume.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa, na ningeweza kukaa hivyo. Lakini mkataba tuliuweka sisi wawili, moyo wangu haukuitwa kwenye kikao. Nilianza kuitambua kengele ya baiskeli yake kati ya kengele zote za barabara ile. Nilianza kumwekea mkate wa pembeni, ule wenye ganda gumu anaoupenda, na kukasirika akichelewa kuja kuuchukua. Siku moja Mhindi aliniuliza kwa nini nimefunga karatasi zote zile bila kuweka mikate ndani. Nikamwambia naumwa kichwa. Nilikuwa nampenda. Nilijua, na nilijua pia nikisema tu, imekwisha. Kwa hiyo nikajikaza, nikacheka kwa sauti kubwa zaidi kuliko zamani.

Kisha akapata nesi.

Alikuja kunieleza yeye mwenyewe, kizingitini, macho yanang'aa, kama rafiki anavyomweleza rafiki. Nesi wa hospitali ya pale, mpole, anavaa viatu vyeupe. Akataka nimsaidie kumchagulia kitambaa cha kichwa, maana mimi ni mwanamke na ninajua vitu hivyo. Basi nikaongozana naye dukani, mimi na wivu wangu, tukapanguliwa vitambaa mpaka mwenye duka akachoka. Nikamchagulia kibaya kuliko vyote, cha rangi ya manjano kama nyongo, chenye maua ya kutisha. Alinishukuru sana. Nesi alikipenda, akakivaa kanisani, na nikawa nakiona kila Jumapili kikiwa mbele yangu mimi niliyekichagua. Jumamosi zile nilisema nina mazoezi ya kwaya. Nilikuwa nimelala chumbani nikihesabu misumari ya mabati na kulia kimyakimya, kwa sababu ya zile kuta.

Baada ya muda nesi akahamishiwa Mbale. Rafiki yangu akaja kunieleza hilo pia, na nikamwambia pole. Sijawahi kusema pole kwa furaha namna ile. Jumamosi zikarudi, redio ikarudi, na nikaanza kujidanganya kwamba hata yeye ananiangalia tofauti kidogo.

Hapa lazima nieleze habari za mama yangu, la sivyo hamtaelewa kitu.

Mama alikuwa mjane, akiuza samaki wakavu sokoni Busia. Alijaliwa mabinti watupu, mimi nikiwa wa mwisho, na dada zangu wote walikwisha kuolewa. Na kwetu huku, uwe Msamia, uwe Mteso, uwe Mjopadhola, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hampeani mikono, hamli pamoja, hamkai nyumba moja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Hata kijana ambaye bado hajatuma wajumbe, lakini nia anayo, akimwona mama wa msichana anageuza uso haraka. Kumkwepa ndiko kumheshimu. Sasa fikirini mwanamke asiye na mtoto wa kiume wala mume, mwenye wakwe kila upande wa soko. Wanaume wote waliomhusu mama yangu walikuwa wakimkimbia. Shemeji yangu mmoja alimwona anakuja, akajitupa mtaroni na baiskeli na kreti ya chupa. Mama alipita akitazama mbinguni kwa heshima, akafika nyumbani akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akajifuta macho, akasema, "Nyumba hii haijakaliwa na mwanamume tangu baba yenu." Tulizoea kulisikia hilo, hatukulitilia maanani.

Basi Jumamosi moja, redio inaimba, ni chumbani kwangu safari hii, ikabishwa hodi mlangoni. Sauti niliitambua kabla hodi haijakwisha. Ni mama, kutoka Busia, bila taarifa.

Nilikufa ganzi. Mwenzangu hakufa. Aliruka, akavaa shati ndani nje, akachukua stovu yangu ya mafuta ya taa akaipindua sakafuni, akachuchumaa na kuanza kuichokoa kwa sindano yangu ya nywele. Nikafungua mlango. Mama alikuwa amesimama na kuku kwapani na mfuko wa unga wa wimbi kichwani. Akamwona kijana ndani, na kwa mazoea ya maisha yake yote akaanza kugeuza uso.

Nilitazama wapi, mimi? Nilimtazama rafiki yangu. Katika dakika ile sikuogopa aibu tena. Nilikuwa na jambo moja tu moyoni: ainamishe kichwa. Ajifiche nyuma ya mlango, aruke dirishani, ajifunike shuka, chochote. Akifanya hivyo, nitajua.

Aliinuka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akampa mama mkono.

"Shikamoo, mama. Karibu. Mimi jirani. Stovu yake naharibika."

Mama aliutazama mkono ule kama mtu aliyeokota kitu njiani. Kisha uso wake ukafunguka, akaushika, akautikisa, hakutaka kuuachia. Mkono ule uliniokoa na fedheha na ukanivunja moyo kwa wakati mmoja. Akakaa na mama, wakala kuku yule kwenye sahani moja, wakaongea habari za samaki na saruji na wazungu walioondoka, na mama akacheka sana. Alipoondoka yule bwana, mama akanishika goti, akaniambia kwa Kisamia chetu, "Mungu anisamehe, ulipofungua mlango niliwaza vibaya. Lakini kijana mwenye nia na binti yangu hangenishika mkono. Huyu ni rafiki wa kweli. Hana mawazo na wewe hata kidogo."

"Hata kidogo," nikasema. Nikaenda bombani kuosha sahani, nikaiosha mpaka maua yake karibu yatoke.

Sikumuuliza kwa nini alimpa mama mkono. Ningemuulizaje? Kuuliza kungekuwa kusema, na kusema kungekuwa mwisho.

Mambo yangeishia hapo kama mama hangempenda. Lakini alimpenda. Alimwalika Busia, na yeye, aliyekuwa akivuka mpaka mara kwa mara kununua vipuri vya baiskeli, akaenda. Akaziba mabati yaliyovuja. Akatengeneza mlango. Mara ya kwanza nilikwenda naye. Baadaye nikawa nasikia tu, "Jana nilikuwa kwa mama," na ni mama yangu anayezungumziwa. Alikalishwa kwenye kiti cha baba, kile ambacho hata paka hakuruhusiwa. Nikienda mwenyewe, mama ananiuliza kwanza, "Mwanangu yuko wapi?" na mimi, niliyezaliwa humo ndani, nimesimama mlangoni na mizigo. Alikuwa na hadithi za ujana wake ambazo sisi mabinti tulizikatiza kila mara kwa kuwa tulizijua. Yeye alizisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali. Mama akaanza kujipaka mafuta Jumapili asubuhi, akapika mapema, akakaa akiitazama njia. Majirani walimuuliza huyo kijana ni nani, naye akawajibu, "Nimempata ukubwani."

Jumamosi zetu, kwa upande mwingine, zikaingia mushkeli. Siku moja alikuja na shati ambalo mama amelitia viraka. Alilivua, akalitazama, akalitundika msumarini likiangalia ukuta. Tulicheka, lakini kicheko kile kilikuwa na mchanga ndani.

Muda si mrefu akatokea mposaji. Alikuwa mgane, mwalimu wa dini (si yule niliyemkataa), mtu wa heshima zake, mwenye kofia na baiskeli nzuri. Mama alimtaka. Mimi nilikuwa wa mwisho na umri ulikuwa unakwenda. Nikasema waje, na mnajua kwa nini nilisema waje. Nikarudi Tororo mbio nikamkuta rafiki yangu anajaza upepo baiskeli yake.

"Kuna mtu anataka kunioa," nikamwambia.

Akaendelea kupampu. "Mtu mzuri?"

"Mama anasema mzuri."

Akapampu mpaka nikadhani tairi litapasuka. "Wewe nataka?"

"Kwa nini nisitake?"

"Basi vizuri," akasema. "Mimi nafurahi kwa wewe."

Nilitaka kumpiga na ile pampu. Badala yake nikamshukuru, naye akanishukuru, sijui kwa lipi, na kila mmoja akaingia chumbani kwake akiwa na adabu. Mke wa karani, katikati yetu, alisema kupitia juu ya ukuta, bila kumtaja mtu, kwamba wajinga wengine hata Mungu anawaangalia tu.

Na hapo ndipo mama alipofanya jambo ambalo lingeweza kufanyika kwetu tu. Posa inapokuja, upande wa msichana lazima awepo kaka. Wazee wanaongea, lakini kaka ana neno lake, kwa sababu ng'ombe wa dada ndio watakaomwoza yeye. Dada zangu wote waliolewa bila kaka, na baba zangu wadogo waliwapunja mama akitazama. Safari hii, akasema, binti yake wa mwisho ataolewa akiwa na kaka. Akatuma habari Tororo kwamba mwanawe avae shati safi aje. Shangazi, dada yake baba, alipopinga kwamba kijana si Msamia wala si damu, mama alimjibu, "Ameshika mkono wangu. Amekula kwenye sahani yangu. Kama si mwanangu, ni nani?" Shangazi akakubali, maana kwa mila hakukuwa na jibu lingine.

Nilingoja akatae. Alikubali. Siku yenyewe alikuja amenyoa, ameoga mpaka vumbi limemtoka hata kwenye kope, nikamwona jinsi alivyo mzuri nikakasirika upya.

Wanaume waliketi nyumba kubwa. Mimi nilifungiwa jikoni na shangazi, lakini jiko lile la udongo lilikuwa na ufa, na shangazi mwenyewe ndiye aliyenionyesha mahali pa kuweka sikio. Mama alikuwa akipika, akitoka na kuingia, anang'aa. Wageni wakaeleza nia yao. Baba zangu wadogo wakakohoa vizuri. Wageni wakaulizwa ng'ombe, wakataja, na ilikuwa idadi ya heshima. Wazee wakaanza kunung'unika kwa kuridhika.

"Hapana," ikasema sauti ya kaka yangu. "Kidogo."

Wageni wakaongeza. Akasema ng'ombe ni wadogo. Wakasema hajawaona. Akasema hata hivyo. Wakaongeza mbuzi, akasema dada yake hapendi mbuzi. Akauliza nyumba ya bwana ina madirisha mangapi, na maji yako umbali gani, na mke wa kwanza alikufa kwa ugonjwa gani. Shangazi alinipiga kiwiko kwa furaha. "Kijana ana uchu wa mke, huyu. Anataka ng'ombe wote wawe wake!" Baba mdogo alikuwa akimnong'oneza apunguze, wageni wanakasirika.

"Swali moja tu," akasema. "Huyu bwana nakoroma?"

Msemaji wa wageni akauliza hilo ni swali la namna gani.

"Ni swali mzuri," akasema kaka yangu, na sauti imeanza kumpanda. "Dada yangu nalala kidogo tu. Kitu kidogo inaanguka, yeye naamka, halafu nakasirika mpaka saa sita. Na yeye navuta blanketi yote. Huyu bwana najua hiyo?"

Shangazi aliondoa sikio lake kwenye ufa, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Wewe umejuaje?" akauliza baba mdogo.

Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia nyumba kubwa na sahani ya kwanza ya samaki, ile ya kaka wa bibi harusi. Nilimwona kupitia kwenye ufa akisimama mlangoni.

"Mimi si kaka," akasema yeye. "Wazee, nisameheni. Mimi nashindwa. Mimi na huyu msichana tulikubaliana, nani anaanza kupenda anasema, na ikisemwa inakwisha. Mimi nilianza zamani. Nikatafuta nesi nijaribu kusahau, nikashindwa. Sikusema kwa sababu sikutaka ikwishe. Sasa inakwisha hata nisiposema. Basi nimesema."

Sikumbuki kufungua mlango wa jiko. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa uani, mbele ya wazee wa koo mbili, bila kitambaa kichwani, nikipiga kelele. Na kati ya yote ambayo ningeweza kumwambia, lililotoka ni lile lililokuwa limenikaa kooni muda wote.

"Kwa nini ulimpa mama yangu mkono?"

Alitoka akasimama mbele yangu.

"Ningeficha uso, wewe ungejua," akasema. "Na wewe ukijua, inakwisha."

Nililia hapo hapo, kwa sauti, bila ukuta wowote. Nilikuwa nimeteswa na mkono ule nikidhani ni wa mtu asiyenipenda, naye aliutoa kwa kuogopa kunikosa. Nikamwambia yeye ni mjinga. Nikamwambia mimi pia nilianza zamani, kabla yake, na asithubutu kubisha. Baba mdogo akaketi chini akashika kichwa. Yule mgane, Mungu amjalie, alikuwa muungwana kuliko sisi wote. Alivaa kofia yake, akasema anadhani ng'ombe wake watalala nyumbani, akawaongoza watu wake wakaondoka bila tusi hata moja.

Nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Ndipo nilipomkumbuka mama.

Bado alikuwa mlangoni na ile sahani mkononi. Rafiki yangu naye alikumbuka wakati ule ule, akageuka, wakatazamana, kwa sekunde moja tu. Kisha wote wawili wakaelewa. Yeye akainamisha kichwa, akarudi nyuma hatua baada ya hatua mpaka kwenye mibono ya ua, akasimama huko akitupa mgongo. Mama akaiweka sahani chini, ardhini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akavuta leso yake akajifunika uso, akapita kando ya ukuta mpaka jikoni.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama akiangalia moto, na leso bado iko usoni.

"Mama," nikasema, "nimkatae?"

"Mkatae nikupige."

Nje wazee walikuwa wameanza kubishana ni nani sasa wa kuongea na nani, na shangazi alikuwa akiwasimulia yote tangu mwanzo, watu waliokuwepo wenyewe.

"Hatakaa tena kwenye kiti kile," mama akasema.

"Hatakaa, mama."

"Sikumaliza kumweleza habari ya mafuriko. Nilikuwa nimefika katikati." Akafuta uso kwa ile leso, akapenga kamasi, akachukua sahani nyingine, akapakua ugali na vipande vya samaki akavipanga vizuri, akaondoa pilipili iliyokuwa juu akaitupa motoni.

"Hajala tangu asubuhi," akasema, akanipa sahani. "Mpelekee wewe. Mimi siwezi tena."